Kabla ununue mikono ya raki, pima shimo kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lenu niseme jambo ambalo limenikaa roho tangu mwaka uanze, na ni kuhusu hivi vyuma vya mazoezi vya kufunga kwa raki nyumbani, ile fremu ya chuma ya kuwekea baa ya uzito. Najua kuna wenye watasema hayo ni mambo ya watu wa Karen na Runda wenye wako na chumba cha ziada, lakini mimi naishi Umoja, nyumba ya kupanga, na kwa ploti yetu peke yake tuko watu watatu wenye tumeweka raki, na kila wiki naona kijana mwingine akiuliza atanunua wapi atachmenti gani. Pesa inapotea, na mtu anaweza kuumia vibaya, so wacha niseme venye mimi nimepitia.

Nilianza 2020 wakati wa korona. Mnakumbuka ile kafyu ilikua saa moja jioni mpaka saa kumi na moja asubuhi, na mimi natoka kazini saa kumi na mbili, hata jimu zingekua wazi singefika. Nikaenda Kariobangi Light kwa fundi mmoja mzee, nikamwambia nataka raki ya kubebea chuma nyumbani, akanitengenezea na skwea tyubu ya inchi mbili kwa mbili, unene wa ukuta milimita 3, mashimo ya milimita 16, shimo na shimo zimeachana sentimita 5. Hiyo raki mpaka leo haijalegea hata bolti moja. Tunaitumia mimi na mwanangu, yeye anacheza raga shuleni, mimi naelekea miaka hamsini na daktari ameniambia mifupa ya mwanamke wa umri wangu inataka kubebeshwa uzito. Hata Shirika la Afya Duniani kwa mwongozo wao wa 2020 walisema mtu mzima afanye mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki, mbali na kutembea.

Sasa shida yangu ni bega la kulia. Nilianguka nikishuka matatu kitambo sana na tangu hapo kuinua baa moja kwa moja juu ya kichwa siwezi, inashika hapo katikati kama kuna kitu imekwama ndani. Mwanangu ndiye aliniambia, mama kuna kitu inaitwa mikono ya leva, ukiwa nayo unafanya kila kitu, kusukuma, kuvuta, skwoti yaani kuchuchumaa na uzito, mabega, na huhitaji mtu wa kukusimamia. Kwa mwenye hajaiona, ni vyuma viwili virefu, kila kimoja karibu mita moja, vinafungwa kwa nguzo mbili za mbele za raki na vinazunguka kwa pini kama mlango kwa bawaba, huku mbele kuna mshikio na kipande cha bomba cha kuweka pleti za uzito. Nikavutiwa. Nikatafuta mtandaoni nikapata muuzaji hapa hapa Nairobi, tangazo limeandikwa kwa herufi kubwa INAINGIA RAKI ZOTE. Nikalipa elfu thelathini na mbili. Hiyo ilikua pesa ya chama, nilikua nimeingojea mwaka mzima.

Zikaletwa na gari ya Probox, tukazibeba na mwanangu mpaka ndani, kufungua, pini ni ya milimita 25. Mashimo yangu ni 16. Tena ile bano ya kushika nguzo imetengenezwa kwa nguzo ya inchi tatu, so hata ungepata pini ndogo bado mkono ungecheza huku na huku inchi nzima. Nikampigia muuzaji akaniambia madam, hiyo ndio saizi ya kimataifa, raki yako ndio haiko sawa, na vitu vikishatoka dukani havirudi.

Hapo ndio nataka msomaji asimame kidogo. Hakuna saizi ya kimataifa ya raki. Hakuna. Kuna za inchi mbili kwa mbili, kuna mbili kwa tatu, kuna tatu kwa tatu, kuna za milimita 60 kwa 60, na mashimo kuna ya 16 na ya 25, na zingine hazifuati hata hizo. Hata kampuni moja inaweza kua na aina kadhaa zenye haziingiliani. Rogue ya kule Columbus, Ohio, Marekani, wanatengeneza raki aina ya Monster na aina ya Monster Lite, zote nguzo zake ni inchi tatu kwa tatu, ukiziangalia kwa picha ni kama pacha, lakini moja ni ya pini ya inchi moja na ingine ni ya tano juu ya nane ya inchi, yaani ile 25 na ile 16. Sasa kama hao wenyewe vitu vyao haviingiliani, huyu wa kwetu anaandika aje raki zote?

Jirani akaniambia hiyo si shida, peleka raki kwa fundi atoboe mashimo yawe makubwa. Nikaona hiyo ni akili. Nikafunga nguzo mbili kwa mkokoteni mpaka Kariobangi kwa yule mzee wangu. Akaangalia, akachukua rula, akaniambia, "Mama, hii hapana, sitoboi." Nikamwuliza kwa nini na kazi ni ya dakika kumi. Akaniwekea rula hapo kwa chuma: upana wa nguzo ni milimita 50, ukitoboa shimo la 25 umebakisha 12 na nusu upande huu na 12 na nusu upande ule, na hapo umehesabu kona za bomba pia, na mashimo si moja, ni mfululizo kutoka chini mpaka juu. "Siku kijana wako atabeba kilo mia na arudishe kwa nguvu, hapa ndio itakunja." Alikataa pesa yangu, na mimi ninamshukuru mpaka leo. Kuna mafundi wengi wangetoboa. Kama mko na fundi wa kukataa kazi mbaya, mshikilieni.

Zile mikono nikazipeleka Buruburu kwa dadangu mdogo, shemeji ako na raki ya inchi tatu kwa tatu ya mashimo ya 25, zikaingia kama zilizaliwa hapo. Na kwa sababu pesa ilikua yangu nimekua nikienda huko kila Jumamosi, miezi minne sasa, so siongei kama mtu wa kusikia.

Ni kitu kizuri. Nasema ukweli. Bega langu linakubali kwa sababu mkono unaenda kwa mzunguko wake na huwezi kuyumba, na ukichoka unaachilia tu, unakaa kwa vile vyuma vya usalama, hakuna baa ya kukuangukia shingoni. Kila mkono uko peke yake so ule upande wangu dhaifu hauwezi kujificha nyuma ya ule wenye nguvu. Shemeji anafanya skwoti nayo, anavuta mgongo, anainua mabega akiwa amesimama katikati. Kwa mtu anafanya mazoezi akiwa peke yake kwa nyumba usiku watoto wamelala, huo usalama si kitu kidogo.

Lakini kuna mambo hakuna muuzaji atakuambia. Kwanza uzito wenye umeweka sio uzito wenye unasukuma. Kwa hizi zetu pleti inakaa sentimita 60 kutoka kwa pini na mshikio uko sentimita 90, so pleti ya kilo 20 kwa mkono wangu inakua kama kilo 13 na kidogo, juu yake sasa uongeze uzito wa chuma chenyewe. Kwa mikono ya mtu mwingine yenye mshikio uko karibu na pini kuliko pleti, hiyo hiyo kilo 20 itazidi 20. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema anasukuma mia kwa leva na wewe uende uweke mia kwa yako, unaweza kujiumiza.

Pili, na hii ndio kubwa kwa sisi wapangaji, hizo mikono zinataka raki kulala mbele, yaani ianguke. Uzito wote uko huko mbele, nje ya miguu ya raki. Shemeji ako na nyumba yake, ametoboa sakafu akafunga raki na bolti kwa zege, na nyuma ameweka pleti kama kilo 100 za kushikilia. Mimi nikitoboa taili za mwenye nyumba si nitahama mwezi huo huo? Halafu chumba changu ni mita tatu kwa tatu, raki peke yake inakula karibu nusu, zile mikono zikifunguka mbele zinafika mlangoni, na kuzitoa kila siku na kuzirudisha ni kazi, kila moja ni nzito na unatafuta shimo na pini huku umeibeba kwa bega. Ungekua hapa ungeelewa kwa nini watu wengi wanazifunga mara mbili tatu halafu zinakaa nyuma ya mlango na nguo juu.

So mimi nikarudi kwa fundi nikamwambia nitengenezee landmaini. Ni kitu kidogo, kipande cha bomba chenye mdomo wa baa unaingia, yaani ndani kiwe kikubwa kidogo kuliko milimita 50, halafu kiungo cha kuzunguka pande zote, kinafungwa chini kabisa ya nguzo na bolti ya 16. Ilimchukua muda wa mimi kunywa chai na mandazi mbili pale kwa kibanda. Alinilipisha elfu moja mia nane. Ndani nikaweka kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli ndio chuma isikwaruze baa.

Na hiyo ndio nimetumia sana kuliko kitu kingine chochote kwa hii nyumba. Unaingiza ncha moja ya baa yako ile ile, ncha ingine unashika. Baa ya kilo 20 ikiwa tupu, ncha yake inakua karibu kilo 10 tu mkononi, so hata msichana wangu mdogo anaanza nayo. Inaenda kwa mshazari, juu na mbele, na bega langu linapita ile sehemu ya kukwama bila kulia. Navuta mgongo nikiwa nimeikanyagia miguu pande mbili, nafanya skwoti nikiwa nimeishika kifuani, mwanangu anazungusha kiuno kwa ajili ya raga. Uzito unakaa chini, raki haina sababu ya kulala. Ukimaliza unachomoa baa, chumba kinarudi kua chumba.

Haifanyi yote. Skwoti nzito hapana, ukifika uzito fulani mikono inachoka kabla ya miguu. Na ya kuvuta kutoka juu kuja chini hakuna, hapo utahitaji puli, na hata puli uulize kama ni ya kamba moja kwa moja au ni ile ya mbili kwa moja, kwa sababu ile ya mbili kwa moja ukiweka kilo 40 unavuta 20. Lakini kwa mtu ako na chumba kidogo na raki ya fundi, mimi ningemwambia anunue landmaini kwanza, atumie miezi sita, halafu kama ako na nguzo za inchi tatu na sakafu yake mwenyewe ndio afikirie mikono.

Ombi langu kwa wauzaji na kwa mafundi wetu wa jua kali ni moja. Andikeni vipimo vitatu kwa kila kitu mnauza: upana wa nguzo, upana wa shimo, na unene wa ukuta wa chuma kwa milimita. Hii ya kusema heavy-duty au geji nzuri haitoshi, geji 16 ni kama milimita moja na nusu na geji 11 ni kama milimita tatu, na ukishapaka rangi nyeusi huwezi tofautisha na macho. KEBS, shirika la viwango, nao naomba waangalie kama wanaweza kulazimisha hivyo vipimo viandikwe kwa vitu vinaingia kutoka nje, hata kama ni stika ndogo tu. Na wewe mnunuzi, kama huna kifaa cha kupima, nenda hadwea ununue bolti moja ya M16, jaribu kwa shimo la raki yako. Ikiingia vizuri bila kucheza, una shimo la 16. Iweke mfukoni uende nayo dukani.

Na kama yule muuzaji anasoma hili gazeti, mimi pesa nilishaacha, mikono inafanya kazi kwa shemeji. Naomba tu abadilishe lile tangazo, nimeangalia jana usiku, bado limeandikwa raki zote.

Msomaji wenu,
Umoja, Nairobi