Netflix haijashindwa na ubahili wetu

Mhariri, naomba nafasi kidogo gazetini. Kuna maneno nayasikia sana eti Netflix haijashika Tanzania kwa sababu sisi hatulipii burudani, tumezoea vya bure. Mimi nakataa kabisa. Watu wanalipa. Pita uswahilini uone, nyumba ya kupanga ina madishi ya Azam matatu manne juu ya bati, kila mpangaji na lake, na kifurushi kikikata siku ya Simba na Yanga mtu atakopa hela mpaka alipie.

Netflix waliingia huku Januari 2016, siku moja na nchi zaidi ya 130 kwa mpigo, sasa hapo mtu wa Mbagala utamjua saa ngapi? Azam walianza 2013 na walijua wanamuuzia nani. 2021 wakasaini na TFF, shirikisho la soka, mkataba wa kuonyesha ligi kuu kwa miaka 10, shilingi bilioni 225.6, tamthilia za Kituruki nazo wakaziingizia sauti za Kiswahili. Sultan ilivyokuwa inaonyeshwa Azam Two shangazi yangu, ambaye yale maandishi ya chini ya TV macho hayamruhusu kuyasoma, alikuwa anagombana na Hurrem, yule mke wa sultani, kabisa, anamwambia "utalipwa we mwanamke" na hakuna wa kumgusa rimoti. Netflix menyu wameweka Kiswahili, sawa, ila ukibonyeza, muvi nyingi haziongei Kiswahili, hapo shangazi umemsaidia nini? Wachina walishaliona hili zamani, 2011 TBC ilionyesha tamthilia yao ya Doudou kwa Kiswahili na nchi nzima ikamjua.

Halafu kuna mshindani ambaye nadhani Netflix hata hawamhesabu, yule dogo wa library ya muvi. Unampa flash, anakuuliza unataka iliyotafsiriwa, yaani yenye mtu anayeisimulia kwa Kiswahili, au ya kawaida, na wengi wanataka iliyotafsiriwa. Mtafsiri Lufufu alifanya mambo haya tangu enzi za kanda na mpaka leo watu wanachagua muvi kwa jina la aliyetafsiri, sio la staa. Najua wenye filamu pale hawapati hata senti na hilo siliungi mkono, ila vile vipaji ni vya kweli, kwanini Netflix wasiwape hao watafsiri mikataba wafanye kihalali wakalipwa vizuri?

Kenya Netflix walijaribu kutoa bure kwenye simu za Android 2021, wakafunga 2023. Kumbe bure nayo haikusaidia. Weka kifurushi cha siku au wiki, kilipike kwa M-Pesa maana wengi kadi ya benki hatuna, weka sauti ya Kiswahili, na nunueni kazi za Bongo nyingi sio moja moja.

Nyie waandishi mnaopata nafasi ya kukaa na wakubwa wa haya makampuni, waulizeni hili la sauti ya Kiswahili lini, na jibu mlichapishe tulisome.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam