Barua ya wazi kwa vijana wa Newala na Tandahimba: Bisheni hodi kabla ya kukaa kijiweni

Wajukuu zangu,

Nawasalimu nyote, Waislamu kwa Wakristo, na ninawaomba mnisome hadi mwisho hata pale mtakapoona ninakaripia, kwa maana nimeandika nikiwa na uchungu ambao nimeshindwa kuumeza.

Msimu uliopita, siku chache baada ya mnada wa kwanza wa korosho, mama mmoja mjane wa mtaani kwetu alianguka usiku chumbani mwake. Upande mmoja wa mwili ulilegea na ulimi ukawa mzito, hata asiweze kupiga kelele. Asubuhi mlango wake haukufunguliwa, kuku wake walibaki bandani wakilia, na ndoo aliyoiacha nje jioni ilikuwa palepale. Ng'ambo ya njia, umbali ambao mtu huvuka bila kuhema, vijana walikuwa wamekaa kijiweni tangu mapema, kila mmoja ameinamia simu yake. Hakuna aliyevuka. Aliyemgundua ni mtoto mdogo aliyetumwa kuomba chumvi alasiri. Watu walipojaa uani, maneno yaliyotangulia yalikuwa ya kurogwa, akaitwa mganga, na muda ukapotea tena hadi jua likazama. Alipobebwa hatimaye kupakiwa garini, vijana wawili walikuwa wameinua simu wakimpiga picha za video, naye nguo zake hazijakaa sawa. Yu hai, tunamshukuru Mungu, lakini mkono wake wa kulia haushiki kijiko na maneno yake anayaelewa binti yake peke yake.

Nianze na hili la kurogwa, kwa sababu linaua. Kiharusi ni ugonjwa wa ubongo. Mshipa unaopeleka damu kichwani huziba au hupasuka, na sehemu ya ubongo inayokosa damu huanza kufa muda uleule. Mkimwona mtu uso umepinda upande mmoja, mkono hauinuki sawa na mwenzake, au maneno yanamtoka yakiwa yamevurugika, hata kama hasikii maumivu yoyote, mtafutieni usafiri saa ileile. Msimlazimishe kunywa maji wala dawa, kwa sababu huenda koo lake haliwezi kumeza. Mpelekeni hospitali ya wilaya, na huko ndiko watakakoamua kama apelekwe hospitali ya Ndanda au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mtwara. Mganga anayekubali kumlaza mgonjwa wa namna hiyo kwake usiku kucha anamwibia saa zake za kupona, na sisi wazee tunaonyamaza tunapoona jambo hilo tunashiriki wizi huo.

Lakini kilichoniumiza zaidi ni ule mlango uliofungwa asubuhi nzima mbele ya macho ya watu. Wazazi wenu wanakumbuka miaka ya 1974 na 1975, tulipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Wengi wetu tuliacha mikorosho yetu mbali, mingine ikamezwa na msitu, na mavuno ya korosho ya nchi, ambayo msimu wa 1973/74 yalikuwa yamefika takribani tani 145,000, yakaporomoka kwa miaka mingi, ingawa ugonjwa wa mikorosho uitwao ubwiri unga nao ulichangia. Tulipoteza mengi. Tulichopewa badala yake ni majirani, na tukawatumia vizuri. Mwanamke hakuanza kufagia uwanja wake kabla hajaita nyumba ya pili kuuliza wameamkaje. Mtu aliyekuwa anashuka bondeni kuteka maji, kwa zile njia za mteremko zinazopita karibu na Shimo la Mungu, alipita kwanza kwa wagonjwa kuuliza kama wana maji ya kunywa. Balozi wa nyumba kumi alijua nani analala bila kula, nani amegombana na mkewe, na nani hajaonekana tangu jana. Kulikuwa na umbea ndani yake, sikatai, lakini mtu hakulala sakafuni hadi alasiri bila kujulikana.

Leo nyumba zimekaribiana zaidi kuliko wakati ule, na mioyo imehama. Fedha za korosho zikiingia, kitu cha kwanza ni pikipiki, cha pili ni spika kubwa, cha tatu ni uzio wa mabati ili jirani asione kinachopikwa. Salamu imekuwa ya kutupiana kutoka juu ya pikipiki, shikamoo inaanza hapa na kuishia mtaa wa pili, na marahaba ya mzee inabaki na vumbi. Watoto walioko Dar es Salaam wanatuma fedha kwa simu, nami nawapongeza wanaotuma, lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Fedha iliyoingia katika simu ya yule mama usiku ule haikuweza kumwinua sakafuni.

Msidhani haya ni manung'uniko ya uzee. Katika Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani kuna utafiti ulioanza mwaka 1938, mwaka uleule aliozaliwa Mzee Benjamin Mkapa pale Lupaso, Masasi. Watafiti wamewafuata watu walewale tangu ujana hadi uzeeni, wakipima damu yao na kuwauliza kuhusu ndoa, kazi na rafiki zao. Walipotazama nyuma waliona kwamba walioridhika zaidi na mahusiano yao wakiwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya bora zaidi walipofika miaka 80, na kwamba jambo hilo lilitabiri afya yao vizuri kuliko kiwango cha mafuta katika damu. Nalo Shirika la Afya Duniani liliunda tume mwezi Novemba 2023 kushughulikia upweke, kwa sababu limeona kwamba upweke unadhoofisha mwili pamoja na roho. Kwa hiyo kijana anayemjulia hali bibi wa jirani kila siku anafanya kazi ya afya, hata kama hajawahi kuvaa koti jeupe.

Na furaha mnayoitafuta katika simu ipo hapo. Nimewaona wengi wenu mkiwa wakali, hamlali, mnashindana kwa mavazi ya msimu na kukopa ili sherehe ya unyago wa binti ipite ya jirani, kisha ikifika Machi mnauza mikorosho kwa bei ya kutupa. Kijana anayeamkia nyumba tatu kila asubuhi ana watu watatu watakaomuuliza anaumwa nini siku akinyamaza. Hilo nawaombea mlipate, kwa maana ninajua baadhi yenu mna huzuni ambayo hamjamwambia mtu.

Wenye mamlaka nao wasijifiche nyuma ya makosa ya vijana. Sera ya Taifa ya Wazee iliandikwa mwaka 2003, na tunaambiwa kwamba mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anatibiwa bila malipo. Mzee huyo akifika dirishani anaandikiwa dawa ya shinikizo la damu, kisha anaelekezwa akainunue dukani, naye hana fedha hadi msimu ujao. Dawa hiyo hunywewa kila siku. Anayeikosa kwa miezi akianguka, tusiseme ameanguka ghafla.

Mengine nayataja kwa ufupi, kwa kuwa mmekwisha kuyasikia. Pimeni shinikizo la damu hata kama hamuumwi, maana kwa kawaida halina dalili, na likipimwa mara kadhaa likakutwa 140 kwa 90 au zaidi, rudini kwa daktari. Chumvi ya mtu mzima kwa siku isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, ikiwemo ya samaki mkavu. Tembeeni. Mwendo wa haraka wa dakika 150 kwa wiki unatosha kuanzia, na mtu anayepanda bodaboda kutoka nyumbani hadi msikitini au kanisani ajiulize miguu amepewa ya nini. Kuleni ming'oko (vile viazi vya porini), mbaazi, kunde na kisamvu bila kuona aibu mbele ya wageni. Mabibo, yaani matunda ya mkorosho, yana vitamini C nyingi, nanyi mnayaacha yaoze chini ya mti au mnayageuza gongo, pombe isiyopimwa na mtu yeyote. Mnapopulizia mikorosho salfa, ile dawa ya ubwiri unga, funikeni pua, mdomo na macho, wala msiwapeleke watoto shambani siku hiyo. Laleni mapema, ndani ya chandarua.

Sasa ninawaomba jambo moja lisilohitaji fedha. Kila kijiwe kijigawie nyumba za wazee wanaoishi peke yao, wajane, wagonjwa, na mama waliojifungua karibuni. Kabla hamjakaa, mmoja wenu abishe hodi katika kila nyumba, asubiri hadi aitikiwe, na asiridhike na ukimya. Asipoitikiwa, amwite jirani mwanamke waingie pamoja. Namba ya simu ya mtu mwenye gari iandikwe ukutani pale kijiweni, mahali inapoonekana hata usiku kwa tochi, na ikitokea mgonjwa anabebwa, simu zote ziingie mifukoni, mikono ishike machela.

Jumamosi baada ya mnada ujao nitakuwa ofisini kwa mwenyekiti wa mtaa kuanzia saa moja asubuhi, nikiwa na daftari. Leteni majina ya nyumba mlizozichagua na jina la atakayekwenda kila siku. Wa Tandahimba fanyeni vivyo hivyo kwa wenyeviti wenu. Wale wawili waliopiga video waifute kwanza, kisha waje na wao. Nyumba ya yule mama nimewawekea wao.

Babu yenu, mwalimu mstaafu,
Newala, Mtwara