Ndege wale walifukuzwa, hawakuruka wenyewe

Mhariri,

Nasoma gazeti lako miaka mingi na sijawahi kukuandikia. Ile habari yenu ya wapiga picha waliofika mdomo wa Mto Sabaki, na ile picha kubwa ya ndege waliotanda angani kama wingu, imenishinda kunyamazia. Mmeisifu mno. Nilikuwepo asubuhi ile.

Ndege hao sisi wa Mambrui twawangoja kila kusi. Ni wadogo, rangi ya udongo, mabawa marefu kama ya mbayuwayu, na chini ya jicho wana mstari mweupe kama wanja wa chokaa. Hutaga Bukini peke yake, yaani kisiwa cha Madagaska, kisha mwezi wa nane na wa tisa hukusanyika hapa kwa maelfu kabla ya kurudi kwao. Nilimpeleka mjukuu wangu akawaone. Tulikaa mbali tukiwatazama walivyotulia, midomo yote imeelekea upepo utokako. Yakaja magari mawili ya wapiga picha wale, yakashuka hadi kwenye fungu la mchanga. Kiongozi wao akamtuma kijana akimbie katikati ya kundi akipiga makofi, ati waruke picha ipendeze. Wakaruka, wakazunguka, wakatua. Akatumwa tena. Mara ya tatu hawakurudi, walivuka mto wakatokomea. Nilipokwenda kuwasemesha nikajibiwa, "Mzee, ufuo si wako." Mimi nimevua hapo tangu kiongozi yule hajazaliwa! Walipokuwa wakigeuza magari nikaona ndege mmoja amebaki, amejibanza ndani ya alama ya tairi. Hujificha hivyo kuukwepa upepo. Gari lilikuwa linarudi kwa alama ileile. Mjukuu wangu, mtoto wa miaka tisa, akakimbia akasimama mbele yake ametandaza mikono. Dereva alimpigia honi mara mbili ndipo akakata kona.

Na hayo magari ni balaa jingine. Siku za mapumziko pikipiki za magurudumu manne hupanda na kushuka matuta yetu ya mchanga, kwenye ufuo ambao kasa huupanda usiku kutaga. Wanaoanika nyavu huzikunja mapema kwa hofu. Tukisema, twaambiwa twafukuza watalii.

Naomba hivi. Kuanzia mwezi wa saba hadi wa kumi zichimbiwe nguzo 40 za mvinje, hatua 200 kutoka kwenye fungu wanakolala ndege, zipitishwe kamba yenye vitambaa vyekundu, gari lisivuke wala mtu. Mwenye kutaka picha alale kifudifudi nyuma ya kamba angoje, kama wanavyongoja vijana wetu wanaotembeza wageni kwa miguu. Kamba ninayo, ya jahazi, ipo darini na bado ni imara. Mhusika wa kaunti aje maji yakiwa yamekupwa, nitamwonyesha pa kuchimbia nguzo ya kwanza. Nanyi mkiichapa tena picha ile, andikeni chini yake ilivyopatikana.

Mvuvi mstaafu,
Mambrui, Malindi