Binamu, umeuliza yule mzee alikuwa nani kwangu

Binamu,

Uliponipigia nilikuwa kwenye meli ya kwenda Nansio. Upepo ulikuwa unakatakata maneno, lakini swali lako lilifika: "Huyo marehemu ni nani wetu?" Nakujibu hapa hadharani, kwa sababu nyumbani nao wamekuwa wakinong'ona: mtu gani huyu anavuka maji hadi Ukerewe, analala matangani siku mbili, kwa msiba usio wa ukoo?

Kweli si wa ukoo. Tulifanya kazi pamoja katika ofisi ya maji hapa Mwanza, yeye mkubwa wangu, mimi kijana wa kusoma vipimo na kubeba mafaili. Pale msibani walisoma wasifu wake vizuri kabisa: kuzaliwa, shule, ajira, kupanda daraja, kustaafu akiwa na miaka 60. Nilisikiliza nikajiona kama nimekosea msiba. Hakuna aliyetaja penseli.

Enzi zile ukiandika rasimu ya barua, inapanda kwa wakubwa na kurudi. Wengine walisahihisha kwa wino mwekundu, na faili likizunguka masjala, hadi mama wa chai anajua kwamba hujui kuandika. Yeye alisahihisha kwa penseli, mwandiko mdogo, pembeni mwa karatasi. Ukisharekebisha unafuta, na kosa lako halimo tena kwenye faili. Tulimwita Mzee wa Penseli. Alijua, akawa anacheka.

Alikuwa amesoma, binamu, na sizungumzii vyeti. Mtu akiliita hili Ziwa Victoria letu "Ziwa Nyanza" alimkumbusha taratibu kwamba nyanza kwa lugha za huku ni ziwa, kwa hiyo amesema ziwa ziwa. Alikuwa na masimulizi ya mvua za miaka ya Uhuru, kuanzia 1961 hadi 1964, ziwa lilipopanda zaidi ya mita mbili na kumeza mashamba ya watu wa pwani. Nilidhani maji hayo yaliletwa na mito. Akanionyesha kwenye mahesabu yake kwamba Kagera na mito mingine yote haifikii mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na kwamba sehemu kubwa ya maji hayo hunyanyuliwa na jua, wala haitokei Jinja kwenda Nile kama nilivyofundishwa. Alieleza hayo amesimama mlangoni na kikombe cha chai, kwa kijana asiye na cheo, kana kwamba mimi ndiye waziri.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hujawahi kulijua.

Unaikumbuka harusi yako ya Magu, ule mwaka wa El Nino, 1997 kuingia 1998? Lori likakwama kwenye tope, tukalisukuma na suti zetu. Mimi nilikuwa sijaomba ruhusa. Kazi yangu ilikuwa kila asubuhi nishuke ziwani, nisome ule ubao wenye alama za sentimita uliosimamishwa majini, niandike kwenye daftari. Nilipotea siku tatu. Niliporudi nikazijaza mezani: nikachukua namba ya siku niliyoondoka, nikaikopi mara tatu. Siku ya nne nikaenda kusoma kweli, nikaandika kweli.

Binamu, mvua ilikuwa inanyesha kama imeajiriwa. Daftari langu likasema ziwa limesimama siku tatu kama maji ya sufuria, halafu usiku mmoja likaruka sentimita nne.

Aliniita. Nilikwenda huku natunga uongo wa pili wa kuulinda wa kwanza. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alisema, "Twende tukalione ziwa," tukashuka kwa miguu, mimi na yeye na mwavuli mmoja. Pale kwenye ubao akaniambia nisome. Nikasoma. Akaniambia kuna watu Uganda na Kenya wanaosoma maji haya haya asubuhi hii hii, na siku moja mtu atakayetaka kujua daraja au gati lijengwe kimo gani ataliamini daftari langu kwa sababu hanijui. Basi. Tulipopanda kurudi ofisini alikuwa ameshahamia habari za bei ya sato.

Nikakuta penseli pembeni mwa zile namba tatu: "Futa. Andika: haikusomwa."

Barua ya onyo haikuja. Angeweza kuiandika, na nilistahili. Tangu siku ile nimefanya kazi miaka mingi, na mvua iwe, malaria iwe, sijajaza namba ambayo sikuiona kwa macho. Sisemi hivyo ili unisifu. Nilikuwa naona aibu mbele ya mtu ambaye hakuniaibisha, na aibu ya namna hiyo haiishi.

Alipostaafu alirudi kwao kisiwani, lakini ziwa hakuliacha. Mwaka 2020, maji yalipopanda kuliko vipimo vyote tulivyowahi kuwa navyo, alinipigia karibu kila asubuhi. Salamu fupi, kisha: "Leo limesema ngapi?" Nikimtajia, nasikia anaandika. Wanawe walinionyesha hilo daftari juzi. Lote kwa penseli. Siku ambazo sikupokea simu yake, ameandika kile alichonifundisha.

Niliporudi Mwanza nilipitia ofisini, nikaomba daftari letu la zamani. Kurasa zimekuwa rangi ya chai. Harusi yako imo humo, binamu, ingawa jina lako halipo: haikusomwa, haikusomwa, haikusomwa, kwa mwandiko wangu wa ujana.