Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Dawa Ipi Itamfaa Nani

Ndugu wanachama, assalaam alaykum.

Vikao vyetu vingi vya mwaka huu hapa Chake Chake vilitawaliwa na swali ambalo kila mwenye tatizo la ovari zenye vifuko vingi ameshajiuliza: mbona mwenzangu ametumia dawa akapata mtoto, nami nimetumia hiyo hiyo nikaambulia kuumwa kichwa?

Sehemu ya jibu imo mwilini kabla kidonge cha kwanza hakijamezwa. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007, wenye wanawake 626, waliojifungua kwa klomifeni, dawa ya kulisaidia yai lipevuke, walikuwa asilimia 22.5 na kwa metfomini, dawa ya kisukari, ikitumiwa peke yake, asilimia 7.2, na takwimu hizo zilipochambuliwa zaidi, ikabainika kuwa unene, umri, wingi wa homoni za kiume, nywele za kidevuni na kifuani, pamoja na muda ambao mtu ameshautumia kutafuta mtoto, ndivyo vilivyoashiria nani ana nafasi kubwa zaidi. Mwaka 2014 wanawake 750 walilinganishwa huko huko, na letrozoli, dawa nyingine ya kulisaidia yai lipevuke, ikapata asilimia 27.5 ya waliojifungua dhidi ya 19.1 za klomifeni. Mwongozo wa kimataifa wa tatizo hili wa mwaka 2023 unaitanguliza letrozoli. Hao, lakini, si wanawake wa Pemba, na hesabu ya kundi haimtabirii mtu mmoja kwa uhakika.

Baadhi ya wajumbe walitaka fedha zetu zilipie vipimo vya homoni. Nilipinga, kwani wengi wetu tulikuwa hatujui hata uzito wetu, na wapo waliomeza dawa mizunguko mitatu bila ya mtu kuwapima damu kuona kama yai limepevuka. Tukanunua mizani na madaftari.

Madaftari yalitusumbua, kwa sababu tarehe za hedhi hazikumbukwi. Mwanachama mmoja, alipoulizwa, alinyamaza kidogo, kisha akasema kuwa Ramadhani tatu mfululizo hakuwa na hata siku moja ya saumu ya kulipa kwa ajili ya hedhi, na mavyaa wake akimsifu kwa hilo. Daktari aliweka kalamu chini akamtaka arudie. Tangu siku hiyo, swali la saumu za kulipa limo ukurasa wa kwanza wa kila daftari.

Mizani ipo kwa katibu. Atakayeanza dawa mwakani aje apimwe kwanza, na daftari lake alichukue aende nalo kwa daktari.