Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Utumishi na Utunzaji wa Mazingira

Waheshimiwa wanachama wa Unguja na Pemba, Assalaam Alaykum.

Mkutano wetu uliopita uliitaka kamati ilitazame suala la mazingira kwa jicho la utumishi, yaani fani yetu ya kuajiri na kusimamia wafanyakazi. Sheria tunazo: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku visiwani tangu 2006, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Nam. 3 ya 2015 ndiyo iliyoanzisha Mamlaka inayosimamia mambo hayo. Tulichokibaini katika ziara zetu ni kwamba maagizo huishia mezani kwa meneja, yasimfikie yule anayezishika taka kwa mikono yake.

Katika hoteli moja ya pwani ya mashariki tulimkuta mtunza bustani akichoma chupa za plastiki nyuma ya jiko, hatua chache kutoka kwenye bango linalowahimiza wageni kuitunza bahari. Alitujibu kwa adabu kuwa yeye ameajiriwa kufyeka majani, na habari ya taka hajapata kuelezwa na mtu. Tuliomba kuuona mkataba wake, na kweli haukuwa na hata mstari mmoja juu ya jambo hilo. Sikuona la kumlaumu; mkataba ule uliandikwa na mtu wa fani yetu.

Chumbe mambo ni mengine. Kisiwa kile, ambacho mwamba wake wa matumbawe wa upande wa magharibi ulitangazwa hifadhi 1994, kiliwaajiri wavuvi wa vijiji vya jirani na kuwafundisha ulinzi, kazi wanayoifanya bila silaha, kwa kuzungumza na wavuvi wenzao wanaoingia ndani ya mpaka. Mvuvi humsikiliza aliyewahi kutupa mshipi kama yeye kuliko mgeni mwenye shahada. Huo ulikuwa uamuzi wa ajira kabla ya kuwa wa mazingira.

Kwa hiyo kamati imeandaa kifungu cha majukumu ya mazingira cha kuingizwa katika hati za kazi, kuanzia mpishi hadi dereva, na kupimwa katika tathmini ya kila mwaka. Waajiri waliokikubali ni wachache kuliko nilivyotarajia. Wengi wanahofia madai ya nyongeza ya mshahara, na hofu hiyo si ya kupuuzwa, maana jukumu jipya lisilo na mafunzo wala vifaa ni mzigo tu. Mafunzo ya Unguja yamefanyika. Ya Chake Chake yameahirishwa kwa uhaba wa fedha, na ninawaomba radhi ndugu zetu wa Pemba.

Hesabu zimo katika taarifa ya mshika fedha. Maji ya leo yamo kwenye majagi, kufuatia malalamiko ya mwaka jana juu ya katoni za chupa. Glasi ziko mezani kwa katibu.