Barua ya Wazi kwa Msimamizi wa Njia za Jangwani: Mwamba Uachwe, Michepuko Ifungwe

Mheshimiwa Msimamizi,

Nimesikia tingatinga litaletwa korongoni kuvunja ile ngazi ya mwamba ili magari yasikwame tena. Nakuomba, kabla halijawashwa, ufike pale kwa miguu. Usiangalie mwamba kwanza, angalia mchanga ulio kando yake.

Njia ile naipita miaka mingi. Nikifika kwenye ngazi nasimama, napunguza upepo wa tairi kutoka psi 35 hadi 20 hivi ili zilale vizuri juu ya jiwe, kisha naingiza gia nzito, magurudumu yote manne yakivuta. Mwenzangu anashuka, anasimama mbele ninapomwona na kunielekeza kwa mkono: kushoto kidogo, simama, haya njoo. Jiwe kubwa tunalipanda kwa tairi. Ukilipitisha katikati ya magurudumu, difu, lile bonge la gia lililo chini katikati ya ekseli, ndiyo itakayoligonga. Mita kumi hula robo saa nzima. Ugumu huo ndio unaotupunguzia mwendo sote. Mkiusawazisha, watu watakimbiza magari kwenye kona ambazo huoni anayekuja, tena korongoni hakuna pa kupishana.

Wanaoiharibu njia ni wanaoukwepa mwamba. Zamani palikuwa na mchepuko mmoja, sasa nimehesabu mitatu. Juzi nilipiga magoti pale nikatazama. Udongo ambao haujakanyagwa una gamba jeusi lenye vinundu, kama ukoko, na ukilivunja kipande kidogo unaona chembe za mchanga zimeshikana kwa nyuzi nyembamba mno. Gamba hilo lina uhai: bakteria, kuvu na mwani, na ndilo linalozuia udongo usipeperuke. Penye alama za tairi lilikuwa limesagika unga, upepo ukiuchukua mbele ya macho yangu. Kupona kwake ni suala la miaka mingi. Katika jangwa la Mojave kule California, jeshi la Marekani lilianza kufanyia mazoezi vifaru vyake mwaka 1942, na alama za minyororo yake zinaonekana hadi leo.

Lakini siwalaumu madereva peke yao. Kibao cha onyo kipo, ila kimesimikwa baada ya korongo kubana. Mgeni akikisoma, kurudi kinyumenyume kwenye ule wembamba hawezi, na mwamba anauogopa. Kinachobaki ni mchanga. Kihamishieni mwanzo wa njia, penye nafasi ya kugeuza gari, na kitaje kimo cha ngazi ili mtu ajipime yeye na gari lake. Kwenye midomo ya michepuko pangeni mawe makubwa.

Kibao hichohicho kiseme pia kuhusu mafuriko. Tarehe 12 Agosti 1997, watalii 11 walikufa maji Antelope Canyon, Arizona. Mvua iliyowaua ilinyesha kilomita kadhaa kutoka pale walipokuwa. Anayeingia korongoni aambiwe atazame mawingu ya mbali, asijiridhishe na anga la kichwani pake.

Mawe ya kuziba michepuko yamejaa chini ya ukuta wa korongo, hayahitaji kununuliwa. Mimi na wenzangu tunaopita njia ile tutayabeba wenyewe. Tunaomba kibali chako na siku ya kuanza.

Wako katika matumizi ya njia hiyo,
Dereva wa korongoni